Tarumbeta Mbele, Biharusi Nyuma: Historia ya Beni Katika Harusi Zetu



Mfunguo Mosi ukiingia tu, sisi mafundi cherehani hatulali. Sare za dada wa biharusi, magauni ya kesha, nguo za wakwe, zote zinatakiwa wiki moja. Na kila familia inayokuja kupimwa, kabla sijamaliza kuzungusha futi kiunoni, mjadala ni ule ule: tuite beni au tusiite? Mama anasema harusi bila tarumbeta kama maziko. Shangazi anasema hayo mambo ya Kizungu. Mjomba anasema ni mambo ya kihuni, watoto wa watu wanakata viuno barabarani. Biharusi mwenyewe amekaa kimya, anaogopa kusema anachotaka.

Leo nataka tulitazame tarumbeta hili tangu lilikotoka. Wengi tunaliitikia au tunalikataa bila kujua historia yake, na historia yenyewe inatuhusu sisi wanawake kuliko tunavyodhani. Ukiijua, utaamua kwa akili yako, si kwa kelele za ukumbini wala kwa maneno ya majirani.

Pembe ilikuwa ya wenye cheo

Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe ya mnyama inayopulizwa kuita watu. Pwani yetu imekuwa na pembe za aina hiyo kabla hatujamwona Mreno wala Mwingereza. Kubwa kuliko zote ni siwa. Siwa hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta la leo, na ziko za pembe za ndovu na za shaba.

Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mfalme wa mji alikwenda kumwona kwa chombo baharini. Mmoja wa Wareno aliandika aliyoyaona, na mimi kama fundi nguo maelezo yake yananifurahisha. Mfalme alivaa joho la kitambaa cha thamani lililopambwa kwa satini ya kijani, akakaa chini ya mwavuli wa satini nyekundu. Pembeni walikuwepo wapiga tarumbeta, na miongoni mwa ala zao zilikuwepo pembe mbili za ndovu zilizochongwa vizuri, kila moja na urefu wa mtu, zikipulizwa kwenye tundu la ubavuni. Hizo ni siwa. Basi anayekwambia kutembea na tarumbeta mbele tumeiga kwa Wazungu, mwambie Wazungu walipofika walitukuta nazo.

Siwa mbili mashuhuri bado zipo, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, na zimehifadhiwa kama hazina ya watu wa visiwa vile. Ya Pate ina urefu wa takribani mita 2. Ukiziona hutazisahau.

Lakini siwa haikupulizwa kwa kila mtu. Ilikuwa ya waungwana. Ililia mfalme akitawazwa, na ililia kwenye harusi na jando za koo zenye haki nayo. Mtoto wa mtumwa, au mgeni asiye na ukoo unaojulikana, aliolewa bila siwa. Sauti ile ilikuwa tangazo kwa mji mzima: huyu anayepita ni mtu wa daraja fulani. Ulikuwa ukisikia pembe ukiwa jikoni, umeshajua ni nyumba ya nani wanaooa, bila ya kufungua dirisha.

Mwana Darini na siwa yake

Hapa ndipo mwanamke anapoingia. Katika habari za Pate, zile zilizosimuliwa kwa vizazi hadi zikaandikwa, yumo bibi mmoja anayeitwa Mwana Darini. Alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa mwenye kinyongo na mfalme wa wakati wake. Alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando, aliinyimwa siwa ya mji. Tafsiri yake ni nini? Kumnyima siwa ni kumwambia mbele ya watu wote: wewe na mwanao si chochote tena.

Mwana Darini hakwenda kulia mlangoni kwa mfalme. Alimwita fundi hodari, akamtolea pembe za ndovu, akamtaka amchongee siwa nyengine, tena nzuri kuliko ile aliyonyimwa. Kazi ilifanywa kwa siri. Siku ya sherehe ilipofika, mwanawe akatoka na siwa yake mwenyewe, na mji ukashangaa. Masimulizi yanasema kuwa baada ya hapo watu wakawa wanakuja kwake kuazima.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonesha jambo ambalo vitabu vingi huliruka. Pembe zilipulizwa na wanaume, ni kweli. Lakini nani anazipata, zinalia katika sherehe ya nani, na nani analipa, hayo mara nyingi yaliamuliwa na wanawake. Na pembe yenyewe ilikuwa ni heshima. Mwanamke alipigania heshima ya mwanawe kwa kutumia mali yake na akili yake. Tuishike habari hii, tutairudia.

Bendi ya Sultani

Sasa tuje kwetu Unguja. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika 1883, na ndiye anayetajwa kila tunapozungumzia mwanzo wa taarab, kwa kuwa alimpeleka kijana Misri kujifunza muziki. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, na mwaka 1877 jeshi lake likaanza kufundishwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Jeshi la namna ile haliendi bila ngoma na tarumbeta. Palikuwepo na bendi ya Sultani, wapigaji wake wakiwa ni Wagoa waliotoka Bara Hindi, ikipiga mbele ya kasri. Watu wa mjini walisimama kusikiliza bila kulipa hata pesa moja.

Wengine wanaona hapa ndipo tulipopotea, tukaacha vyetu tukachukua vya Wazungu. Sikilizeni hili. Bendi ya kijeshi ya Ulaya, pale inapopigwa dramu kubwa na kugonganishwa matoazi, imechukua vitu hivyo kutoka kwa Waislamu. Majeshi ya Dola ya Uthmaniya yalikuwa na kikosi cha muziki kiitwacho mehter, chenye ngoma kubwa, matoazi, tarumbeta, na zurna ambayo ni ndugu wa zumari yetu. Katika karne ya 18 wafalme wa Ulaya waliipenda sauti ile wakaiweka katika majeshi yao. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1826 Sultan Mahmud II alivunja jeshi la zamani pamoja na mehter yake, na mwaka 1828 akamleta Istanbul Mtaliano, Giuseppe Donizetti, awafundishe bendi ya Kizungu. Kilichokwenda kikarudi kimevaa nguo nyengine.

Kwa hivyo ugomvi wa "hii yao, hii yetu" hautatufikisha mbali. Ala ni kama kitambaa. Kanga zetu zenyewe zilichapishwa nchi za watu, lakini nani atasema kanga si yetu?

Buruji ni nini, na tarumbeta ni nini

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo ala zenyewe, maana ukienda kukodi beni utaulizwa unataka wapigaji wangapi na hutajua la kujibu.

Ala za shaba hazilii kwa pumzi pekee. Mpigaji hubana midomo na kuitetemesha ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na bomba lile refu lililokunjwa linaikuza sauti. Ndio maana ukimpa mtu asiyejua, atapuliza mpaka macho yamtoke na hakuna kitakachosikika ila upepo.

Buruji ni ile ya askari, bomba tupu lisilo na kitufe hata kimoja. Mpigaji anabadilisha sauti kwa midomo tu, kwa hivyo anapata sauti chache. Zinatosha kuamsha kambi, kuita watu chakula na kuamuru mashambulizi, lakini huwezi kupigia nyimbo ya taarab. Tarumbeta lina vitufe vitatu. Ukibonyeza, unafungua kipande kingine cha bomba, sauti inashuka. Vitufe hivyo vilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, na kuanzia hapo shaba ikaweza kuimba nyimbo yoyote. Tromboni haibonyezwi, inavutwa na kusukumwa ule mkono wake mrefu. Ndiyo inayotoa ile sauti nzito ya kubeza inayowachekesha watoto.

Midomo huchoka. Mpigaji mzuri hapulizi saa tatu mfululizo, ndio maana beni hubakisha dramu zikilia peke yake wakati wengine wanapumua. Ukiona tarumbeta limenyamaza usikimbilie kulalamika kuwa umeibiwa pesa yako.

Watu wa chini wachukua tarumbeta

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka 1907 ukafutwa pwani ya Kenya. Maelfu ya watu wakawa huru, lakini jina la utumwa halifutwi kwa karatasi. Zamani mtumwa alijulikana kwa nguo yake: kaniki au merikani, kichwa wazi, miguu wazi. Baada ya uhuru wanawake wakajifunga kanga za rangi na kuvaa buibui, wakajifunika kama waungwana walivyojifunika. Mimi ninayeishi kwa nguo naelewa walichokuwa wanasema. Walikuwa wanasema: nitazame upya.

Walichokifanya kwa nguo, wakakifanya na kwa muziki. Siwa wasingepewa. Lakini tarumbeta na dramu za jeshi hazikuwa mali ya ukoo wowote wa mjini. Katika miaka ya 1890, Mombasa, Lamu na sehemu nyengine za pwani, vijana wakaanza vikundi vya ngoma vinavyotembea kwa gwaride, wamevaa sare, wamepanga safu, mbele ala za kupuliza na dramu. Wakaziita beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975 ameonesha kuwa haukuwa uigaji wa kijinga. Watu waliokuwa wamenyimwa cheo walijitengenezea vyeo: mfalme, jenerali, daktari, muuguzi. Kila mmoja na daraja lake, kila mmoja na sare yake.

Palikuwa na ushindani mkubwa. Mombasa walikuwepo Kingi na Scotchi, na Scotchi wakashona hata zile sketi za marinda za kitambaa cha drafti kama askari wa Uskoti. Dar es Salaam walikuwepo Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja, wanaojua kusoma, wenye kazi nzuri. Arinoti wakawa watu wa kazi za mikono na waliokuja mjini kutoka bara. Siku Marini wanatoka na nguo nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zinakata, Arinoti walijibu kwa nyimbo za kejeli. Mafundi cherehani wa miji ile walikula vizuri, sina shaka nalo.

Vita vya 1914 mpaka 1918 vikaitawanya beni kila mahali. Askari wa Wajerumani na wa Waingereza, na maelfu ya wapagazi, walikutana kambini na kujifunza ngoma za wenzao. Vita vilipokwisha beni ikaonekana Tabora, Ujiji, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, mpaka Kongo. Pale ambapo hapakuwa na fedha ya kununua shaba, watu walitengeneza tarumbeta za vibuyu. Serikali ya Waingereza ikaingiwa na wasiwasi, mwaka 1919 ikaanza kuchunguza: watu weusi wenye majenerali wao na mawasiliano kutoka mji hadi mji, wanapanga nini? Wakakuta ni ngoma. Lakini wasiwasi wao haukuwa wa bure, kwa sababu watu waliojifunza kuchangishana, kuweka hesabu na kumzika mwenzao kwa heshima ni watu waliokwisha kujua kujiendesha.

Vita vile vile viliacha jambo linalofanana na hilo upande wa pili wa dunia. Askari wa Marekani walianzisha mwaka 1919 chama chao, American Legion, na matawi yake yakaunda vikosi vya dramu na buruji vya kuandamana siku za sherehe. Walianza na buruji tupu za jeshi, kisha kwa miongo mingi wakaongeza kitufe kimoja, kingine, mpaka vikatimia vitatu. Vikosi hivyo vipo mpaka leo, vya vijana, vinashindana kila kiangazi katika viwanja vya mpira, na vilikuwepo hata vya wasichana watupu. Chombo cha kuitia watu vitani, huku kikawa cha harusi na kule kikawa cha mashindano.

Mama zetu wa lelemama

Nani aliyekuwa nyuma ya beni, akiimba na kuchanga? Wanawake. Na Mombasa wanawake walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na ngoma yao, lelemama, na vyama vyao vyenye mahasimu kama beni. Katika miaka ya katikati ya vita vikuu viwili na baadaye, majina makubwa yalikuwa Ibinal Watan na Banu Saada. Margaret Strobel, aliyewahoji wakongwe wa Mombasa na kuandika kitabu mwaka 1979, ameeleza jinsi vyama hivyo vilivyokuwa na vyeo, michango, na kusaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyezaliwa na wazazi watumwa aliweza kupanda cheo humo na kuitwa kwa heshima ambayo barabarani asingeipata.

Cheo kilikuwa na bei. Ili upande ilikubidi ulishe watu. Chama kimoja kikichinja mbuzi, chengine kinachinja ng'ombe. Hawa wakishona sare moja, wale wanashona mbili. Wanawake wengine waliingia barabarani wamevaa sare za kijeshi, mji mzima ukasimama kutazama. Mali ya mwanamke ni dhahabu yake na nyumba aliyorithi, na mashindano yalizila zote mbili.

Masheikh hawakunyamaza. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah lililoanza 1932 akikemea israfu za ngoma na harusi. Wapo wanaomsoma leo wakamuona mkali. Mimi nadhani alikuwa anatazama nyumba zikiuzwa. Lakini pia nadhani wale mama hawakuwa wapumbavu. Walizaliwa katika mji uliowaambia hawana heshima, wakaitafuta heshima kwa njia iliyokuwa wazi kwao. Kosa la mashindano ni kwamba hayana mwisho. Mwana Darini alichonga siwa moja, ikatosha. Mwenye kushindana na jirani yake hatosheki, kwa sababu jirani naye ana mkufu wa kuuza.

Beni yetu hapa Unguja leo

Beni za gwaride na majenerali zilififia, na kufikia miaka ya 1960 zilikuwa zimekwisha sehemu nyingi. Vijana walihamia mpira, dansi na siasa. Bendi za polisi na vikosi zikabaki na tarumbeta za serikali, zinazolia 12 Januari kwenye sherehe za Mapinduzi. Bara, hasa Dar es Salaam, matarumbeta yakapanda nyuma ya magari, yakisindikiza misafara ya harusi barabarani.

Kwetu Unguja beni ilijificha harusini, na humo ikaishi. Tarumbeta mbili tatu, tromboni, dramu, shaba zenyewe zimeliwa na chumvi na kuungwa mara nyingi. Wanapiga nyimbo za taarab tunazozijua sote kwa kasi ya kuchezeka, na wanawake ndio wanaoitikia. Hakuna atakayekaa. Mbwa Kachoka ni jina linalojulikana hata na wageni, kwa vile limeongoza maandamano ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004. Lakini kabla ya mgeni yeyote kuwapiga picha, beni ilikuwa mtaani, inamtoa biharusi kwao.

Tazama basi safari ilivyokuwa. Pembe iliyokuwa ya koo chache leo inamlilia binti wa muuza samaki na binti wa mwalimu wa skuli. Hakuna anayeuliza babu yako alikuwa nani. Ukisikia tarumbeta mtaani, linasema jambo moja: leo hapa pana binti anayeolewa kwa heshima. Hilo walilipata watu kwa miaka mingi ya kudharauliwa, na ndiyo sababu sipendi nikisikia beni inaitwa uhuni tu.

Kabla hujaita beni

Mengine ni ya dini na ya mfuko, na hapo lazima tuambiane kweli.

La kwanza, dini. Mtume wetu (S.A.W.) amehimiza ndoa itangazwe, isifanywe kwa siri, na dufu katika harusi lina ruhusa inayojulikana. Ala za kupuliza ni habari nyengine. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wanazikataza, na wapo wanaolegeza. Mimi ni fundi nguo, sitoi fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, mapema, kabla baba hajalipa arubuni. Na hata anayeona inafaa, akumbuke kuwa wapigaji ni wanaume. Kucheza mbele yao na nguo ya kesha inayobana, wengine wakirekodi kwa simu, ni suala jengine kabisa. Sitara haina likizo siku ya harusi. Wapo mabiharusi wanaochukua dufu na kaswida za kina mama ukumbini, mlango umefungwa, na furaha haipungui hata chembe.

La pili, uliza unamwitia nani beni. Kama ni furaha ya mama yako aliyekulea peke yake, na wewe mwenyewe ndani ya moyo unataka mtaa ujue kuwa mtoto wa mama yule leo anatoka kwa heshima, hiyo ni habari ya Mwana Darini, na ninaielewa. Kama ni kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa na beni na kidumbaki usiku mmoja, hiyo ni habari ya mashindano, na umeshaona ilivyowafikisha wenzetu.

La tatu, fedha. Nimeshona sare nyingi za harusi, na baadaye nimewaona mama wale wale wakirudi kuniuliza kama nitanunua cherehani yao ya zamani au vitenge ambavyo havijakatwa. Harusi imekwisha, deni halijaisha. Beni lipia kwa pesa iliyopo mkononi. Usile upatu ambao hujaufikia zamu, usiweke rehani dhahabu ya mahari. Mahari ni haki yako wewe biharusi, hata mama hana ruhusa ya kuigeuza tarumbeta.

La nne, ukiamua kuita, waheshimu wapigaji. Kubalianeni mapema saa ngapi wanaanza, wapi wanasimama, na wasimamishe wakati wa adhana. Wape maji na chakula, maana midomo yao ndiyo mtaji wao. Na ukimaliza, walipe hapo hapo. Kumpa mfanyakazi ujira wake bila kumzungusha ni mafunzo ya dini yetu pia.

Na wewe biharusi uliyekaa kimya wakati mama na shangazi wanabishana, sema. Kwa karne nyingi wanawake wa pwani hii wameamua pembe ilie au isilie. Ukitaka dufu, sema dufu. Ukitaka beni nusu saa mpaka kona ya mtaa, sema hivyo. Ukitaka dua na biriani tu, na pesa iliyobaki muanzie maisha, sema kwa adabu lakini sema. Nikaha inatimia kwa walii, mashahidi, mahari na kauli. Tarumbeta halikuwahi kuifungisha wala kuivunja ndoa ya mtu.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na atuepushe na israfu na riyaa. Amin.

Aliyekulia Mombasa, Lamu, Pemba au Tanga, waulizeni bibi zenu wangali hai: harusini kwao kililia nini, na nani alilipa? Majibu yao ni historia, yaandikeni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.